Unga wa Mama Zenon

Mwaka 1978, mwanzoni mwa Novemba, mashine ya kusaga ya kijiji chetu ilifungwa kuanzia Ijumaa asubuhi mpaka Jumapili mchana, na haikuwa mbovu. Dizeli ilikuwepo. Fundi alikuwepo. Mahindi yalikuwa ghalani. Kilichoifunga ni vita, tena vita iliyokuwa mbali nasi kiasi kwamba wengi wetu hatukujua iko upande gani.

Naitwa Isakwisa. Wakati huo nilikuwa kijana wa Rungwe niliyepangiwa kufundisha shule ya msingi huko Ufipa, mwaka wangu wa tatu. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa nje kidogo ya Mollo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu hadi Sumbawanga mjini kama mvua haijaharibu njia. Redio ya shule ndiyo ilikuwa redio ya kijiji, na kwa kuwa nilikuwa najua kuandika haraka, nilikuwa pia mwandishi wa mikutano yote.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Watu walikuwa wametoka makaburini kusafisha na kusali, udongo bado miguuni, waliposikia kwamba jioni Rais atazungumza. Nikaiweka redio dirishani, nikaifungulia hadi mwisho. Tukaambiwa kwamba majeshi ya Idi Amini yameingia Kagera, yameua watu na kupora, na kwamba nchi yetu itapigana.

Hotuba ilipokwisha, hakuna aliyeondoka. Nilidhani watu watalia, au watapiga kelele. Mzee mmoja akauliza kama mbolea ya mwaka huu itafika au malori yote yatakwenda vitani, na baadhi wakacheka kicheko cha woga. Kisha vijana wakaanza kujipanga uwanjani. Hakuna aliyewaamuru. Walijipanga tu mistari mitatu, kama kwenye mazoezi ya mgambo, wengine bila viatu, mmoja bado ameshika jembe, wakasimama wakimngoja mtu wa kuwaambia la kufanya. Tangu nifike kijijini pale sikuwahi kuwaona wakiwahi jambo lolote.

Mama mmoja akanisogelea dirishani. Huyu ndiye ninayetaka kumsimulia. Jina lake la ubatizo lilikuwa Albina, lakini wote tulimwita Mama Zenon. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyepanda ulezi maisha yake yote, na alikuwa balozi wa nyumba kumi za upande wa mtoni. Mwanawe wa kwanza, Zenon, alikuwa askari. Barua yake ya mwisho ilikuwa imetoka Tabora mwezi wa nane.

"Mwalimu," akaniuliza, "hiyo Kagera ni mbali na Tabora?"

Nikafungua darasa, nikamwonyesha ramani ya ukutani. Akaweka kidole gumba Tabora, akanyoosha kiganja mpaka kidole cha mwisho kikafika Bukoba.

"Shibiri moja," akasema. Akaondoka.

Mtu mwingine alikuwa amesikiliza hotuba ile, amesimama nyuma karibu na mlingoti wa bendera. Huyu alikuwa Ponsiano, fundi wa mashine ya kusaga. Alikuwa Mganda wa Masaka. Alikimbia kwao mwaka 1972, baada ya askari wa Amini kumtia kaka yake katika buti la gari, na mpaka leo hajaonekana. Akapita Bukoba, Mwanza, Tabora, akifanya kazi za ufundi, hadi akafika Sumbawanga. Kijiji kilipopata mashine, yeye ndiye aliyejua kuiwasha, na kwa miaka minne alikuwa akiishi katika chumba kilichoshikana nayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye masikio meupe ya vumbi la unga. Jumapili jioni alikuwa akija kwangu tucheze bao, na alikuwa akinifunga kila mara.

Watu walipogeuka kwenda majumbani, walimkuta amesimama pale. Wakampita huku na huku, kama maji yanavyopita jiwe. Hakuna aliyemsalimu. Mimi nilikuwa nafunga redio.

Ijumaa asubuhi habari zikaja kutoka mjini kwamba kila kijiji kinaombwa kuchangia chakula cha askari. Mwenyekiti wetu, mzee Adolfu, akaita wajumbe, na kabla jua halijapanda ilikwishaamuliwa kwamba sisi tutatoa unga, si mahindi, maana askari hana muda wa kutafuta kinu. Nilifurahi kuona jinsi watu walivyotoa. Nyumba ambazo mwezi wa pili zilikuwa zinaazima mboga zilileta debe zima. Margareth, aliyekuwa ametoka kujifungua, alimtuma mumewe na mahindi aliyokuwa amewekewa ya uji wa uzazi. Mahindi yakarundikana mbele ya mashine.

Ndipo Sadoki akaufunga mlango wa mashine kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Sadoki alikuwa muuza duka la ushirika la kijiji na kamanda wa mgambo. Ni mtu wa Mbeya kama mimi, na sikupata kumwona akimwonea mtu. Lakini mdogo wake alikuwa kibarua katika mashamba ya miwa huko huko Kagera, na tangu Alhamisi Sadoki hakuwa amelala wala kula. Alisema jambo moja tu: "Mganda hawezi kuwasagia unga askari wetu. Akitia kitu humo, nani atajua?"

Neno lile likatembea. Kufika Jumamosi lilikuwa limeota miguu mingi. Kuna aliyemwona Ponsiano akifunga waya juu ya paa. Kumbe alikuwa anaziba bati, lakini sasa ilisemekana ni waya wa kuzungumza na Kampala. Kuna aliyekumbuka kwamba alipofika kijijini aliuliza maswali mengi. Watu waliokula unga wake kwa miaka minne wakaanza kusema kwamba siku hizi una ladha ya ajabu.

Jumamosi mchana alikuja kwangu. Hakuingia. Alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Mwalimu, wewe unanijua," alisema. "Kesho baada ya Misa kuna mkutano. Wanataka kunipeleka polisi mjini. Utasema neno?"

"Nitasema," nikamjibu. Na nilimaanisha.

Jumapili kijiji kizima kilikuwa uwanjani mbele ya ghala. Mzee Adolfu alikaa mezani, mimi kando yake na daftari. Ponsiano aliwekwa kwenye benchi peke yake, vijana wawili wa mgambo wakiwa nyuma yake. Sadoki akasimama, akaeleza. Hakutukana. Alisema hana ugomvi na mtu, lakini vita ni vita, na nchi iliyotuvamia ni nchi ya mtu huyu. Alipofika kwa mdogo wake sauti ikamkatika, akakaa. Watu wakanung'unika kwa kumhurumia. Kisha mmoja akapaza sauti kwamba fundi apelekwe mjini leo leo, wengine wakaitikia.

Mzee Adolfu akauliza kama kuna mwenye neno tofauti.

Ponsiano akanitazama. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilijua vizuri maneno ya kusema, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, tena ya kutosha. Lakini nilikuwa mgeni pale, mtumishi wa serikali, na nilimwaza mtu atakayeniuliza kwa nini mwalimu anamtetea adui. Nikainamisha kichwa nikaandika, "Hakukuwa na neno tofauti." Niliandika hivyo kabla mkutano haujamaliza kujibu.

"Mimi ninalo," ikasema sauti.

Alikuwa Mama Zenon. Alipita katikati ya watu akaja hadi mbele ya meza. Alianza kwa Kiswahili cha mikutano, akaona kinambana, akahamia Kifipa. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nakielewa Kifipa kuliko nilivyoweza kukisema, na sikupotewa na neno.

"Ndugu Mwenyekiti, nauliza. Unga huu ataula nani?"

"Askari, mama."

"Askari gani?"

"Askari wetu. Wote."

"Mimi ninaye mmoja ninayemjua kwa jina. Mwenye mtoto mwingine huko anyooshe mkono." Akageuka, akangoja. Hakuna mkono ulioinuka. "Basi mwenye haki ya kuogopa sumu kuliko wote hapa ni mimi. Na mimi siogopi."

"Mama," akasema Sadoki kwa upole, "moyo wa mtu huujui."

"Wa kwako naujua? Miaka minne Ponsiano ananisagia. Kama angetaka kuniua, angengoja vita ndiyo apate ruhusa?"

Watu kadhaa wakacheka, kisha wakajizuia.

"Na jambo jingine," akaendelea. "Kila tarehe tatu ya Juni tunavaa nguo safi tunakwenda kanisani kuwaimbia Mashahidi. Nusu ya watoto wenu mmewaita Karoli. Huyo Karoli Lwanga alikuwa mtu wa wapi? Wa Laela hapo jirani? Alikuwa Mganda. Na aliyemuua ni nani? Ni mfalme wa kwao. Huyu aliyekaa hapa naye ameponyoka kwa mtawala wa kwao, aliyekwishamla kaka yake. Yule wa zamani tunampigia magoti atuombee. Huyu wa sasa tunamfungia kwa kufuli."

Sadoki akainuka tena.

"Mdogo wangu yuko kule, mama," Sadoki akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

Mama Zenon akamsogelea, akashusha sauti. "Najua, baba. Tutamwombea, mimi na wewe. Lakini Ponsiano hakumshika."

"Na kama akitia kitu?"

"Utaona kwangu kwanza. Nipe ufunguo. Atasaga mbele yenu, mimi nitapika mbele yenu, na nitakula mbele yenu. Nikifa, mpelekeni mjini, na mimi mnizike."

Sadoki hakutoa ufunguo. Mzee Adolfu ndiye aliyeinuka, akazunguka meza polepole, akanyoosha mkono mbele yake na kuuacha hapo. Ilichukua muda. Mwishowe ufunguo ukawekwa kiganjani mwake.

Ponsiano akazungusha hendeli, na injini haikuwaka mara ya kwanza wala ya pili. Mara ya tatu ikawaka. Mama Zenon mwenyewe alimimina debe la mahindi mdomoni mwa mashine, akakinga unga, akauchukua ungali moto. Mafiga yalikuwa pale pale nyuma ya ghala. Cornelia, binti yake, akakoka moto. Kijiji chote kilisimama kutazama ugali ukisongwa, jambo ambalo kila mmoja pale alikuwa ameliona maelfu ya mara, na hakuna aliyepepesa jicho.

Hakukuwa na mboga. Kulikuwa na chumvi. Mama Zenon akanawa, akakaa chini kwenye mkeka, akapiga ishara ya msalaba, akamega tonge. Akatafuna kama mtu asiye na haraka. Alipomega la pili akamwita Ponsiano: "Njoo, baba. Tangu lini mpishi anakula peke yake na mwenye kusaga anamtazama?"

Ponsiano akakaa. Wakala kutoka sahani moja.

Sijui ni muda gani ulipita. Mzee Adolfu akavua koti, akanawa, akakaa mkekani. Kisha Margareth na mtoto wake mgongoni. Kisha yule mzee wa mbolea, aliyelalamika kwamba chumvi haitoshi. Baada ya hapo ikabidi Cornelia abandike sufuria jingine, na jingine tena. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa mwisho. Ugali niliomega ulikuwa umekwishapoa. Sadoki hakula. Alikwenda dukani kwake akajifungia.

Kesho yake, Jumatatu, mashine ilianza alfajiri. Vijiji jirani viliposikia kwamba tunasaga, navyo vikaleta, wengine kwa punda, wengine kichwani, mama mmoja kutoka bondeni upande wa Mtowisa akaja na mchele wake, akashangaa alipoambiwa mchele hauhitaji kusagwa, akauacha hivyo hivyo upelekwe. Mama Zenon alikaa mdomoni mwa mashine siku zote, akimimina. Alisema amemwapia Sadoki kwamba jicho lake halitatoka hapo, na kiapo chake alikitimiza, ingawa hakuna aliyemwomba tena.

Jumanne nilikwenda kusaidia kushona magunia. Nilipopata nafasi nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nilikuwa nimeahidi kusema mkutanoni, nikanyamaza. Nilitaka anikaripie. Alinitazama, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Shika gunia hilo upande wa pili," akasema.

Nikashika. Hatukulizungumza tena.

Jumatano mkanda wa mashine ulikatika. Mkanda mwingine ulikuwa unapatikana Mbeya tu, na lori la kuchukua unga lilikuwa linakuja Ijumaa. Ponsiano alikaa chini akakishika kichwa chake. Wakati ule ule Sadoki akatokea, mara ya kwanza tangu Jumapili, debe la mahindi begani. Alikuwa bado hana habari zozote za mdogo wake. Akaweka debe chini, akautazama mkanda, akaondoka, akarudi na ngozi ya ng'ombe iliyokuwa imetandikwa kitandani kwake. Yeye na Ponsiano waliikata vipande, wakaishona kwa uzi wa magunia, mmoja akivuta huku mwingine akivuta kule. Hawakuzungumza zaidi ya "kaza" na "legeza." Mkanda ule wa ngozi ulipiga kelele mbaya, lakini ulizunguka.

Ijumaa lori lilipofika, dereva aliuliza ni kiwanda gani kilichopo hapa.

Mdogo wake Sadoki alikuwa hai. Alivuka mto akatembea hadi Biharamulo, na barua yake ilitufikia kabla ya Krismasi. Zenon hakuwa hai kufikia Pasaka. Ofisa alitoka mjini mwezi wa nne, siku chache baada ya kutangazwa kwamba Kampala imeanguka, wakati vijana bado wanacheza ngoma mitaani. Alisema Zenon aliuawa karibu na Masaka na kwamba amezikwa kwa heshima.

Ponsiano aliposikia neno Masaka aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Mashine haikulia siku hiyo. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anafunga mizigo yake. Alifikiri kwamba kijana ameuawa katika ardhi ya kwao, akienda kuwakomboa watu wa kwao, na hawezi tena kumtazama mama yule machoni.

Siku ya Misa ya marehemu, Mama Zenon alisimama mlangoni pa kanisa, hataki kuingia. Padre alikuwa anangoja. Tukamwuliza anangoja nini.

"Watu wa nyumbani hawajatimia," akasema.

Akamtuma Sadoki. Sadoki akaenda, akabisha mlango wa chumba cha mashine, akakaa naye humo kwa muda, nasi tukangoja juani. Walirudi pamoja. Mama Zenon akamshika Ponsiano mkono, akamkalisha benchi la mbele, kati yake na Cornelia. Hakulia mpaka wimbo wa mwisho, na alipolia alilia kwa sauti kubwa, wala hakuona haya.

Nimefundisha watoto miaka mingi kuhusu mashujaa wa vita ile, na wanastahili. Lakini kila nikitamka neno hilo ninamwona mama mfupi aliyekaa mkekani, anameza tonge la ugali kwa chumvi, na kijiji kizima kinamtazama koo.

Ponsiano alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, akimfundisha Cornelia kuendesha mashine. Watu walisema mwanamke hataiweza hendeli ile. Aliiweza. Mwaka 1980 akarudi kwao, na baada ya miezi mingi ikaja barua, ambayo Mama Zenon aliniletea nimsomee. Ponsiano aliandika kwamba amepita kwenye makaburi ya askari wetu huko Kagera, amelikuta jina la Zenon, amepiga magoti kwa niaba ya mama yake. Mahali penyewe pamekatwa majani, akaandika, na pana upepo kama wa Ufipa.

Mama Zenon aliniomba nirudie sehemu ile mara mbili. Kisha akaniambia niandike jibu: kwamba Cornelia anasaga vizuri, kwamba mvua ni nzuri, na kwamba Krismasi inayokuja tunamtegemea, asilete visingizio.

Alikuja. Alipanda treni hadi Mpanda, kisha malori mawili, na mke wake kijana aliyekuwa akitetemeka kwa baridi yetu. Aliyekwenda na baiskeli hadi mjini kuwapokea na kuwabebea mizigo alikuwa Sadoki. Tuliwaona wakipanda kilima jioni, Sadoki akisukuma baiskeli, wote watatu wakizungumza kwa pamoja, na Mama Zenon akatoka uani na koti lake zito, akawakimbilia njiani kumvisha yule binti.